Mita Ni Yao, Meni Swichi Ni Yako

ZUHURA: Karibu, msikilizaji. Leo sina salamu ndefu kwa sababu wiki hii nyumbani kwangu kumenuka. Fundi Msafiri, shikamoo.

MSAFIRI: Marahaba, Zuhura. Kumenuka nini tena?

ZUHURA: Plastiki. Alhamisi jioni napiga pasi sare za mtoto, taa zikaanza kupepesa, mara ikaja harufu kama mtu anachoma ndoo. Nikaifuata hadi kibarazani, kwenye mita. Pale kuna ubao wa mbao uliopigiliwa enzi za sijui nani, na juu yake meni swichi ya chuma, ile yenye mkono pembeni. Waya mmoja unaoingia kwenye swichi umekuwa mweusi kama utambi wa kibatari.

MSAFIRI: Mweusi kuanzia wapi hadi wapi? Hilo ndilo swali langu la kwanza kila nikiitwa.

ZUHURA: Kuanzia kwenye swichi, kama shibiri moja kurudi nyuma. Upande wa mita ulikuwa mzima, kwa macho yangu lakini.

MSAFIRI: Ukafanya nini?

ZUHURA: Nikazima kila kitu, nikampigia mwenye nyumba. Unajua alivyonijibu? "Huo si umeme wa TANESCO? Waite wenyewe." Akakata simu. Jirani akasema hapana, chochote kilicho ukutani kwako ni chako. Nikabaki nimekaa kwenye ngazi na tochi ya simu, sijui nimwite nani.

MSAFIRI: Wote wawili walikuwa na nusu ya jibu. Hebu tufuate waya. Unatoka nguzoni, unakuja ukutani, unaingia kwenye mita, unatoka unakwenda kwenye meni swichi, halafu ndani. Kuanzia nguzoni hadi kwenye mita, na mita yenyewe, ni mali ya shirika la umeme, TANESCO. Kikichoka wanabadilisha wao na gharama ni yao. Kuanzia waya unapotoka kwenye mita kuja kwako, yaani waya wenyewe, meni swichi, sakiti breka, ethi, soketi, ni vya mwenye nyumba.

ZUHURA: Hapo watu watakusimamisha. Mtu kalipia kuunganishiwa, mjini 320,960, kijijini 27,000. Halafu unamwambia mita si yake?

MSAFIRI: Si yake. Alilipia kuunganishwa, hakununua mita. Huwezi kuing'oa ukahamia nayo Morogoro. Na ndiyo pona yako hiyo! Ingekuwa yako, siku ikifa ungekwenda dukani kununua nyingine.

ZUHURA: Sasa nikuambie kuhusu kijana aliyekuja Ijumaa asubuhi. Sikumwita mimi, kaletwa na mtu wa duka. Kofia ngumu kichwani, begi begani, testa mfukoni. Kaangalia sekunde mbili tu, akasema, "Mama, mita imeungua. Nipe themanini nikuwekee nyingine leo leo."

MSAFIRI: Kishoka, fundi bandia.

ZUHURA: Kishoka mtupu! Nikamwuliza kitambulisho, akasema kakisahau kwenye pikipiki. Akaenda kukichukua. Mpaka leo tunamsubiri.

MSAFIRI: [anacheka] Na angekubadilishia kweli, ungejuta zaidi. Mita ya LUKU, hii ya kulipia umeme kabla, ina namba yake, na namba hiyo imesajiliwa na akaunti yako. Ukifungiwa mita ya njia za panya, ukinunua umeme kwa namba yako ya zamani tokeni haziingii. Siku wakija wakaguzi, wanakuta lakiri, ile sili ya shirika, imekatwa na mita haimo kwenye daftari lao. Kishoka hayupo. Anayeshtakiwa kwa kuchezea mita ni wewe uliyekaa ndani.

ZUHURA: Hiyo lakiri ndiyo iliyonichanganya. Nilipochungulia vizuri, chini ya mita kuna kifuniko, kimefungwa kwa kile kiwaya chenye kipande cha plastiki. Waya wangu unatokea humo ndani. Sasa waya ni wangu, lakini skrubu inayoushika iko chini ya lakiri yao. Ikilegea ile skrubu?

MSAFIRI: Umegusa penyewe. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na ubishi mwingi ninaouona unatokea pale pale. Mita ya kawaida ya fezi moja ina matundu manne chini. Mawili ya kuingia, fezi na nyutro, na mawili ya kutoka. Kila tundu na skrubu zake. Fundi wako hana ruhusa ya kufungua kile kifuniko, hata kama anajua kazi. Kwa hiyo ikilegea humo, unawaita wao wafungue, wakaze, waweke lakiri mpya. Ila kama waya wenyewe umeungua, utakuta fundi wako ameshaweka mpya kwenye meni swichi na kuuacha ukining'inia, wao ndio wanaouingiza kwenye mita. Siku hiyo mafundi wawili wanahitajika kwenye ukuta mmoja.

ZUHURA: Na hawaji pamoja.

MSAFIRI: Wapange! Mpigie fundi baada ya kuripoti TANESCO na kupata namba ya taarifa yako, si kabla.

ZUHURA: Lakini kwa nini iungue? Ubao ule una miaka na miaka.

MSAFIRI: Ndiyo sababu yenyewe, umri. Wakati ule nyumba ilikuwa na taa nne na redio. Leo pasi ya wati 1,200 inavuta zaidi ya ampea 5. Hita ya bafuni ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22, peke yake. Mahali waya umelegea pana ukinzani, na umeme ukipita penye ukinzani panapata joto. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto halipandi mara mbili, linapanda mara nne. Mchana skrubu inapanuka, usiku inapoa inanywea, inalegea zaidi. Na huku kwetu pwani kuna chumvi. Nimefungua swichi za nyumba za karibu na bahari, shaba imeota kijani kama sufuria ya marehemu bibi.

ZUHURA: Fyuzi si ingekatika kabla?

MSAFIRI: Fyuzi inaangalia wingi wa umeme, haijui kwamba skrubu imelegea. Na ile swichi yako ya zamani ina fyuzi ya kigae, unafunga uzi wa waya mwenyewe. Ulifungua?

ZUHURA: Fundi alifungua. Humo ndani palikuwa na waya mnene wa shaba, umesokotwa mara tatu.

MSAFIRI: Basi hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na msumari, haukatiki hata umeme uzidi vipi.

ZUHURA: Astaghfirullah. Na chini yake mtoto anaegesha baiskeli.

MSAFIRI: Ulimpata fundi wa namna gani?

ZUHURA: Mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Nilimwomba anionyeshe, akaitoa bila kununa. Wale waliokuja upande wa mita walikaza, wakaangalia, wakaweka lakiri mpya, hawakunidai shilingi. Fundi kwa upande wangu akang'oa ubao na ile swichi, akaweka boksi la plastiki lenye sakiti breka, akapitisha waya mpya wa milimita 16. Nikalipa mimi. Ndipo vita na mwenye nyumba vilipoanza.

MSAFIRI: Mkataba unasemaje?

ZUHURA: Mkataba una karatasi moja, na nusu yake ni kuhusu kutopiga muziki. Kuna mstari unasema mpangaji atafanya "matengenezo madogo madogo." Yeye anasema meni swichi ni dogo.

MSAFIRI: Dogo ni balbu. Dogo ni soketi uliyoipasua mwenyewe kwa kuchomeka chaja kwa hasira. Swichi kuu iko hapo kabla hujahamia, itabaki ukishahama. Hiyo ni sehemu ya jengo, kama bati. Mimi kila mpangaji namwambia apige picha ya kilichoungua kabla fundi hajagusa, aombe risiti yenye jina na namba ya leseni ya fundi, na amtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi. Simu akiikata, hakuna ushahidi kwamba ulimwambia.

ZUHURA: Inanikumbusha kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza na 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Jengo lake, umeme wangu, makato yangu.

MSAFIRI: Na hiyo unapaswa kumdai akurudishie. Wangapi wanadai?

ZUHURA: Simjui hata mmoja.

MSAFIRI: Kuna msikilizaji kauliza hapa, mita yake haikuungua, imezeeka tu, tarakimu hazisomeki. Anaogopa kuripoti asije akatozwa.

ZUHURA: Mwaka 2024 tulihofia hivyo hivyo. Tulipoletewa zile tokeni za ziada, mtaani kwetu watu walisema mita zote zinakufa, tutauziwa mpya.

MSAFIRI: Zisingekufa. Mita hizi kila tokeni ina alama ya muda, na muda wenyewe unahesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993. Nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima. Kwa hiyo ukanunua umeme ukapewa tarakimu 20 mara tatu. Seti mbili za kuiamsha mita, ya tatu ndiyo yuniti zako. Kazi yako ilikuwa kubonyeza. Mita iliyogoma kabisa, waliotakiwa kuibadilisha ni wenye mita. Huyu wa tarakimu zisizosomeka naye ni hivyo hivyo, mita imechoka, ni yao. Aripoti, apewe namba ya taarifa, aiandike. Ila kabla hawajaing'oa aisome namba ya mita na yuniti zilizobaki, kama bado zinaonekana kidogo, apige picha. Ili yuniti zake zihamie kwenye mpya, bila ubishi wa "nilikuwa na 40," "hapana, ulikuwa na 4."

ZUHURA: Wakimzungusha?

MSAFIRI: Malalamiko yanaanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi. Yakikwama, yanapanda EWURA. Na kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, ambalo watu wengi hawajui kama lipo.

ZUHURA: Wa Zanzibar je, wenye TUKUZA, LUKU ya kwao?

MSAFIRI: Kule ni ZECO, shirika lao la umeme, waulize huko wenyewe, nisije nikawapoteza. Ila lakiri ni lakiri kote. Usiikate.

ZUHURA: Tumalizie kwa mwenye nyumba wangu. Nilimtumia picha ya ule waya, picha ya msumari wako wa shaba, na risiti. Kimya siku mbili. Jana usiku kajibu: "Nitabeba nusu, kata kwenye kodi ya mwezi ujao."

MSAFIRI: Na nusu nyingine?

ZUHURA: Nimemjibu nashukuru, na nimemwambatanishia hesabu ya kodi ya jengo niliyomlipia tangu nihamie. Tiki mbili za buluu, hajajibu.