Tunakarabati mwongozo wa Git: ukurasa mmoja, sentensi moja

Habari zenu, karibuni tena. Leo hatujifunzi kutumia Git, ile programu inayotunza historia ya msimbo; leo tunaukarabati mwongozo wake. Ule unaofunguka ukiandika `git help restore`. Wengi tunauchukulia kama umeshushwa kutoka mbinguni, kumbe ni faili za maandishi tu. Zinakaa pamoja na msimbo wenyewe wa Git, na mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko. Hata wewe uliyeanza kuandika programu mwaka jana.

Kwa nini nimechagua `restore`, amri ya kurudisha faili zilivyokuwa? Kuna kijana ninayefanya naye kazi, siku moja alikuja kwenye meza yangu uso umemshuka. "Kaka, kazi yote ya tangu asubuhi imepotea." Alikuwa ameandika `git restore .` akitegemea arudi pale alipofikia saa nne. Akajikuta kwenye komiti ya jana jioni, yaani hali ya kazi aliyoihifadhi rasmi kwenye Git jana. Na mwongozo alikuwa ameusoma, tena kabla ya kubonyeza Enter. Tukaufungua wote wawili, tukausoma taratibu. Hakuna uongo ndani yake. Ila umeandikwa na mtu anayejua, kwa ajili ya mtu anayejua. Sehemu kama hiyo, ambapo msomaji mwenye akili timamu anajikwaa, ndiyo unayoitafuta. Kosa la herufi ni rahisi kulirekebisha, lakini halijawahi kumpotezea mtu siku nzima.

Tuanze na kuuleta msimbo. Tazama terminali yangu:

`git clone --filter=blob:none https://github.com/git/git`

Hicho kipande cha katikati usikiruke kama uko kwenye bando. Git ina historia ya tangu Aprili 2005, na chaguo hili linakuletea orodha ya komiti zote huku maudhui ya faili za zamani yakibaki kwenye seva mpaka utakapoyahitaji. Ikimaliza, ingia ndani kwa `cd git` halafu fungua tawi lako, yaani mstari wako wa kazi wa pembeni: `git switch -c onyo-restore`.

Sasa angalia folda inayoitwa `Documentation`. Kila amri ina faili lake, na letu ni `git-restore.adoc`. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayotaja `git-restore.txt`, usichanganyikiwe, ni faili lilelile. Viambishi vya majina vilibadilishwa mwaka 2025. Ndani ni maandishi ya AsciiDoc, mtindo wa kupanga maandishi kwa alama, ambayo ukishazoea Markdown hayatakusumbua sana.

Usiandike chochote bado. Hatua inayofuata watu wengi wanairuka, na mimi ndiyo ninayoipa muda kuliko zote: hakikisha kwa mikono yako kwamba unachotaka kuandika ni kweli. Toka kwenye folda ya Git, tengeneza folda ya majaribio, piga `git init`. Tunaandika menyu.

Mstari wa kwanza: `echo ugali > menyu.txt`. Kisha `git add menyu.txt`, kisha `git commit -m "menyu ya kwanza"`. Ugali umeingia kwenye komiti.

Pili: `echo wali > menyu.txt`, halafu `git add menyu.txt`. Tunaishia hapo, hatufanyi komiti. Wali uko kwenye eneo la maandalizi (staging area), pale mabadiliko yanaposubiri komiti.

Tatu: `echo pilau > menyu.txt`. Hapa hatufanyi `add` wala komiti. Pilau iko kwenye faili tu.

Simamisha video, kisia. Nikipiga `git restore menyu.txt`, nitapata chakula gani?

Wengi husema ugali. Haya, `cat menyu.txt`. Wali! Kwa kawaida `restore` haichukui kutoka kwenye komiti ya mwisho, inachukua kutoka kwenye eneo la maandalizi. Yule kijana hakuwa amepiga `git add` hata mara moja tangu asubuhi, kwa hiyo eneo la maandalizi lilikuwa bado na mambo ya jana. Ndiyo maana akarudi jana.

Tuendelee. `git restore --staged menyu.txt` inaurudisha ugali kwenye eneo la maandalizi, lakini faili lenyewe bado ni wali. Ukipiga `git restore menyu.txt` tena, sasa faili nalo ni ugali. Wali umekwenda wapi? Piga `git fsck`. Unaona mstari unaosema `dangling blob` na namba ndefu? Nakili namba hiyo, piga `git cat-file -p` na namba yenyewe. Wali huo hapo. Git iliuhifadhi ndani ya `.git/objects` wakati ule ulipofanya `git add`, na kwa mipangilio ya kawaida usafishaji hauugusi kabla ya wiki mbili kupita.

Pilau je? Tafuta mpaka usiku. Haipo. Haikuwahi kupita kwenye `git add`, kwa hiyo Git haikuwahi kuijua.

Sasa tuna kitu cha kuandika, na tunacho kwa ushahidi. Nyaraka za Git zenyewe ni za Kiingereza, kwa hiyo sentensi itaingia kwa Kiingereza, lakini mimi huianza kwa Kiswahili kwenye daftari. Ikinishinda kuieleza kwa lugha ninayoota nayo, basi bado sijaielewa. Yangu inasema hivi: mabadiliko ambayo hujayapitisha kwenye `git add` yatafutika, na Git haina nakala ya kukurudishia. Basi. Usiongeze "tafadhali kuwa makini". Mtu akishajua nini kinafutika, umakini utakuja wenyewe.

Kabla ya kulifungua faili, angalia kama kuna mwenzako ameshakutangulia. Rudi kwenye folda ya Git:

`git log origin/master..origin/seen -- Documentation/git-restore.adoc`

Tawi la `seen` ndimo zinamokusanywa kazi ambazo bado zinajadiliwa. Ukikuta komiti hapo, isome kwanza. Huenda shida yako imeshatatuliwa na wewe ukabaki na kazi ya kunywa chai.

Kama pako wazi, fungua faili, shuka mpaka sehemu ya `DESCRIPTION`, weka aya yako mwishoni mwake. Majina ya amri na machaguo yanazungushiwa alama za mkato wa nyuma (backtick), kama unavyoona kwenye aya za jirani. Fuata jirani, usilete mtindo wako.

Hapa kuna mtego, nisogeze picha karibu. Siku utakayotaka kuongeza aya chini ya chaguo fulani, tuseme chini ya `--staged`, utaona aya ya kwanza imesogezwa ndani kwa tabo. Utaiga, utasogeza na ya pili. Usifanye hivyo! Aya ya pili inaanzia ukingoni kabisa mwa kushoto, na juu yake unaweka alama ya `+` peke yake kwenye mstari. Ukiisogeza ndani, AsciiDoc inadhani ni kipande cha msimbo, na maelezo yako yanatokea kwa herufi za terminali ndani ya kisanduku.

Na ukigusa sehemu ya `SYNOPSIS`, yaani muhtasari wa namna amri inavyoandikwa, jua kwamba kwa kawaida inatakiwa kufanana na kinachotoka kwenye `-h` ya amri hiyo, ingawa si kila amri imeshafika hapo. Kuna jaribio linalolinganisha hizo mbili. Leo hatuigusi.

Tujenge ukurasa tuone. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install make asciidoctor` inatosha kwa HTML. Kisha:

`make -C Documentation USE_ASCIIDOCTOR=1 git-restore.html`

Fungua matokeo kwenye kivinjari. Soma aya yako pamoja na ile ya juu yake, kwa sauti. Mimi huwa namwita mtu ambaye hajui ninachofanya, namkalisha, nanyamaza kimya. Akirudia kusoma mstari mmoja mara mbili, mstari huo una shida, na siyo yeye.

Sasa komiti. Piga `git commit -s`. Hiyo `-s` inaongeza mstari wa `Signed-off-by`, ambao ni tamko lako kwamba una haki ya kutoa kazi hiyo. Bila huo, kiraka chako, yaani mabadiliko unayopendekeza, hakipokelewi. Kichwa cha ujumbe kiwe kifupi, kianze na eneo unalogusa na nukta mbili, kisiishie na nukta. Chini yake eleza shida kwanza: msomaji anasoma nini, anaelewa nini, na nini kinamtokea. Hadithi ya pilau inakaa hapa. Halafu eleza unachobadilisha kwa sauti ya amri, kana kwamba unauagiza msimbo: ongeza onyo, taja chanzo. Wanaopitia viraka vya Git wanausoma ujumbe wa komiti kwa makini kama wanavyosoma mabadiliko yenyewe, wakati mwingine zaidi.

Kutuma kuna njia mbili. Ya asili ni barua pepe: `git format-patch -1` inakutengenezea faili la kiraka, na `git send-email` inalipeleka git@vger.kernel.org. Usilibandike kwenye Gmail na kulituma kwa mkono, barua zenye HTML zinakataliwa na seva. Njia ya pili ni GitGitGadget: unafungua ombi (pull request) kwenye GitHub kama ulivyozoea, unaandika `/submit` kwenye maoni, nayo inakugeuzia kuwa barua. Mara ya kwanza lazima mtu aliyekwisha kuruhusiwa akuruhusu na wewe. Kama hujawahi kusanidi `send-email`, anza na hii. Nyingine itakulia wikendi nzima.

Majibu yakija, mengine yatakuwa makavu. Hawakuchukii. Junio C Hamano, anayesimamia Git tangu 2005, na wenzake wanapitia viraka vingi mno, hawana nafasi ya salamu. Jibu kila hoja chini ya hoja yenyewe, rekebisha kwa `git commit --amend`, kisha `git format-patch -v2 -1`, na utume kama jibu la ile barua ya kwanza ili mazungumzo yasikatike. Na kabla ya kutuma toleo la pili, rudi kwenye folda ya menyu ujaribu tena, maana sentensi uliyoibadilisha kwa ushauri wa mtu mwingine nayo hujaithibitisha.