Kupata Kazi, Kudumu Nayo, Kupanda

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mwaka 1983 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 159 kuhusu utengamao wa kikazi, yaani kumwandaa mtu aweze kuingia au kurudi kazini, na ajira kwa watu wenye ulemavu. Ibara ya kwanza inataja lengo kwa vitenzi vitatu: mtu apate kazi inayomfaa, adumu nayo, apande ndani yake. Sisi tunaowafundisha wasioona tumehangaika sana na hicho cha kwanza. Leo nazungumzia cha pili.

Wengi wanaopoteza uoni huupoteza ukubwani, kwa presha ya macho, kisukari au ajali. Mtu ana miaka 20 kazini, macho yanaanza kufifia, naye anaficha. Anasogeza uso hadi pua inakaribia kugusa skrini. Anabeba kazi nyumbani amalizie usiku. Anakosea tarakimu, anaonywa, kisha anaandika barua ya kuacha kazi kabla hajawahi kushika fimbo nyeupe. Akitufikia sisi, nafasi yake imeshajazwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mhasibu, alikuja hivyohivyo. Nikamuuliza: ni sehemu gani ya kazi iliyokushinda? Akajibu, "Yote." Tukaichambua kipande kwa kipande. Majedwali? Programu ya kusoma skrini inasoma kwa sauti kisanduku kimoja kimoja, na hesabu zenyewe alikuwa nazo kichwani. Simu na vikao havikuhitaji macho. Barua zilizoskaniwa kama picha zina programu yake ya kuzigeuza maandishi. Ukabaki mfumo wa malipo wa ofisini kwake. Walipokubali aujaribu tena, nilikaa kando yake. Sauti ikasema: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kimojawapo kinaidhinisha malipo, kingine kinayafuta, na hakuna kilichopewa jina. Vidole vyake vikaganda juu ya kibodi.

Aliyeutengeneza mfumo alipigiwa simu, akaandika majina manne. Kazi ya siku moja! Mtu alikuwa ameacha taaluma yake kwa sababu ya maneno manne yaliyokosekana, na bado inaniuma kila nikikumbuka.

Zamani asiyeona alipangiwa kazi kwa kutazamwa ulemavu wake: kusuka vikapu, kutengeneza brashi, kuunganisha simu. Ni kazi za heshima, ila hakuna aliyemuuliza alikuwa anajua nini. Leo mwajiri hawezi kujitetea kwa gharama ya programu. Tangu 2006 ipo NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia na Michael Curran, asiyeona, akaungana naye James Teh, naye pia haoni. Inapatikana bure. Ila programu bila mafunzo haifiki mbali: mtu lazima aijue kibodi bila kuiangalia, na ajifunze nukta nundu hata kama ana sauti masikioni, kwa maana huwezi kusikiliza kompyuta huku unaongoza kikao. Dondoo ziwe chini ya vidole.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 27, unataja waziwazi mipango ya kubaki kazini na kurudi kazini. Kwa hiyo, waajiri, barua ile ya kuacha kazi ikifika mezani, msiipokee haraka. Mpeni mtu likizo ya mafunzo, mshikilieni nafasi yake.

Na madaktari wa macho mlioko hapa, nawaomba jambo moja. Siku mnapomwambia mgonjwa kwamba tiba imefika mwisho, msimwandikie namba ya kituo cha utengamao kwenye karatasi. Hataweza kuisoma. Pigeni simu nyinyi, naye akiwa bado amekaa mbele yenu.