Chumvi ya Mama na Kumbukumbu ya Mtoto

(Mhadhara kwa walimu na wazazi, Ujiji, Kigoma)

Assalamu alaikum, na wengine habari za jioni.

Mvuvi wa dagaa akitoka Kibirizi usiku haoni kitu zaidi ya giza na taa za wenzake, lakini alfajiri anarudi mwaloni kwake bila kuuliza. Ramani anayofuata imo kichwani. Inatunzwa katika kipande kidogo cha ubongo, kimoja kila upande, ndani usawa wa masikio. Kinaitwa hipokampasi, jina la Kigiriki la farasi wa baharini, kwa sababu kimejikunja kama yeye.

Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa ili kutuliza kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini hadi anafariki mwaka 2008, ukizungumza naye, ukatoka kidogo na kurudi, alikupokea kama mgeni. Walimu, mfikirie mwanafunzi wa namna hiyo.

Sasa kipande hiki kinajengwaje? Seli ya ini na seli ya ubongo zina vinasaba vilevile, jeni kama 20,000. Tofauti ni jeni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Mnaijua reli yetu: treni ikitoka Dar es Salaam inafika Tabora, na pale njia zinagawanyika, moja Mwanza, nyingine huku kwetu. Anayegeuza reli ndiye anayeamua behewa litaishia ziwa gani. Katika mimba, wageuza reli ni protini zinazofungua na kufunga jeni. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya asiye na jeni moja tu, iitwayo Wnt3a, inayotoa ishara ya kuwaamsha wageuza reli hao, anaota gamba la ubongo, lakini hipokampasi karibu haipo kabisa.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mmoja wa wageuza reli hao anategemea jikoni kwenu. Tezi ya shingo hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto. Homoni hiyo huingia hadi kwenye kiini cha seli na kukuta protini imeshakaa juu ya vinasaba. Zikishikana, jeni inafunguka. Homoni isipofika, protini ile haikai bure: inabaki imeifunga jeni. Seli zilizopaswa kukua, kuhama na kuunganika zinachelewa, na hipokampasi ni kati ya sehemu zinazoumia. Watoto waliozaliwa na upungufu wa homoni hii wamepimwa, na hipokampasi zao zikaonekana ndogo kuliko za wenzao.

Tena katika miezi mitatu ya mwanzo, tezi ya mtoto bado haijaanza kazi. Homoni yote anaazima kwa mama. Na mama mjamzito anahitaji robo ya miligramu tu ya madini joto kwa siku.

Shangazi yangu wa Kasulu alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi ile ya shingo inapokosa madini joto. Tuliona ni jambo la kawaida, maana majirani nao walikuwa nalo. Mwanawe wa pili alirudia darasa la kwanza, akichapwa kwa kusahau herufi alizofundishwa jana. Siwezi kusema sababu ilikuwa madini joto peke yake. Lakini fimbo zile zinaniuma mpaka leo.

Mtu ataniambia: sisi tuna Uvinza, chumvi imechemshwa pale zaidi ya miaka 1,000. Kweli, na ni fahari yetu. Lakini chumvi tupu haina madini joto ya kutosha. Ni lazima yaongezwe. Kwa hiyo someni mfuko kabla ya kununua. Chumvi ile ya kupimwa kwa kikombe, iliyoanikwa juani siku nzima, siiamini. Nyumbani iwekeni kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi na unyevu, na muitie mboga ikikaribia kuiva.

Na ubongo hauachi kufungua jeni mtoto akishazaliwa. Akijifunza neno jipya leo, seli za hipokampasi zinafungua jeni fulani na kutengeneza protini za kuimarisha maungio kati ya seli, ili kesho neno liwepo. Kazi hiyo inaendelea usiku amelala. Mtoto asiyelala vizuri tunamdai kumbukumbu ambayo haijakamilika kujengwa.

Mwalimu uliyenyoosha mkono pale nyuma, karibu.