Nguvu ipitie ringi gani? Mhadhara kwa mafundi na waendesha baiskeli, Arusha

Habari za mchana jamani. Shikamooni wazee wangu, nawaona mmejichagulia kivuli huko nyuma. Vijana sogeeni mbele, maana leo tunabadilisha beringi za gurudumu, tunashika vitu vidogo na aliye mbali ataambulia maneno tu.

Gurudumu hili nililetewa juzi. Ni la nyuma, inchi 29, baiskeli ya mlima. Rimu nzima, spoki zote zipo. Mwenyewe alikuja na hofu: "Fundi, fremu imepasuka, nikikata kona nasikia ko, ko, ko." Fremu ni nzima kabisa. Hebu nyamazeni nilizungushe. Mmesikia? Kama mtu anayeburuta kiatu kwenye sakafu yenye mchanga. Hizo ni beringi za habu, yaani zile ringi zenye gololi zinazolizungusha gurudumu pale katikati, spoki zinapokutana.

Kuzitambua si kazi. Gurudumu likiwa kwenye baiskeli, mkono mmoja ushike fremu, mwingine ushike tairi kwa juu, sukuma kulia na kushoto. Likicheza, kaza ekseli kwanza, ule mhimili unaopita katikati ya habu, halafu jaribu tena, maana ekseli iliyolegea inagonga vilevile na utamuuzia mtu beringi asizozihitaji. Kisha weka kiganja kwenye fremu huku gurudumu likizunguka. Mtetemo ambao sikio halijausikia, kiganja kitaupata.

Niwape kisa kimoja, maana mchezo wenyewe wa baiskeli za mlima ulizaliwa na habu iliyoishiwa grisi. Tarehe 21 Oktoba 1976, huko Marin, California, vijana walishindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene, nyingi za miaka ya 1930 na 1940. Njia inashuka kama mita 400 ndani ya kilomita zisizofika tatu na nusu. Breki yao ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Wakifika chini habu inafuka moshi, grisi imeungua yote, na kabla ya kushuka tena ni lazima uifungue uijaze upya. Ndiyo maana njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Gary Fisher aliishuka kwa dakika 4 na sekunde 22. Mbio wakumbuke wengine, mimi nakumbuka grisi.

Na gololi zenyewe ni za zamani kuliko hapo. Fundi baiskeli wa Paris, Jules Suriray, alipata hataza ya beringi ya gololi mwaka 1869, na mwaka huohuo James Moore akashinda mbio za Paris hadi Rouen akiwa na beringi hizo. Fundi baiskeli, jamani. Mtu kama sisi.

Haya. Habu ziko za aina mbili. Ya kwanza mnaijua tangu utotoni: gololi zimelala wazi kwenye bakuli, koni, nati iliyochongoka, inazifunika. Ya nyuma kwa kawaida huchukua gololi 9 za robo inchi kila upande, ya mbele 10 za inchi 3/16. Hiyo unaifungua, unasafisha, unaweka gololi mpya na grisi mpya, unarekebisha koni kwa spana nyembamba, basi. Balaa lake ni bakuli. Likichimbika vishimo, habu nyingi haziruhusu kulibadilisha, unatupa habu nzima. Ndiyo maana usiiache ikapiga kelele mwezi mzima.

Ya pili ndiyo hii ya leo. Beringi inakuja imefungwa kama kidonge: ringi ya nje, ringi ya ndani, gololi katikati, sili ya mpira kila upande. Ikifa, unaitoa unaweka nyingine.

Dukani usiende na maneno "nataka beringi ya baiskeli". Nenda na namba. Ona hapa kwenye sili: 6902-2RS. Tarakimu mbili za mwisho zinakuambia tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Kwa hiyo hii ina tundu la 15; kwa nje ni 28, unene 7. Herufi RS ni sili ya mpira, na 2 ni kwa pande zote mbili. Ukipewa ZZ ujue ni vifuniko vya bati, vumbi la huku kwetu litapita. Namba ikiwa imefutika, chukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili, upime vitu vitatu: tundu, kipenyo cha nje, unene.

Kuna mtego hapa. Maduka ya spea za bodaboda yamejaa 6301 na ndugu zake. Muuzaji atakuambia "zote beringi". 6301 ina tundu la 12, kwa nje 37, unene 12, haiwezi kuingia humu hata ukiiombea dua. Na asije mtu akakuuzia namba za ABEC kwa bei ya juu. Ile ni alama ya usahihi wa vipimo, haikuambii beringi itastahimili vipi tope la Ngaramtoni.

Sasa tufungue. Kwanza naondoa diski ya breki, ufunguo wa nyota T25, naiweka mbali. Tone moja la mafuta kwenye diski na breki imekwisha. Vifuniko vya pembeni hapa vinatoka kwa kuvuta kwa mkono. Frihabu hii, kipande kinachobeba gia za nyuma, nayo inavutwa tu, lakini angalia: chini nimetandika kitambaa cheupe. Humu ndani kuna ndimi ndogo za chuma na springi zake, na springi moja ikirukia kwenye nyasi zile, mtafute msitafute, haionekani.

Naweka gurudumu juu ya mbao mbili, nagonga ncha ya ekseli kwa nyundo ya plastiki. Tatu, nne... imetoka, na beringi moja imetoka nayo. Ile ya pili naitoa kwa fimbo ya chuma kupitia ndani. Nagonga juu, kisha chini, kulia, kisha kushoto. Ukigonga upande mmoja tu beringi inalala kiubavu na kukwangua nyumba yake, yaani tundu la habu inamokaa, na nyumba ni alumini, laini. Nyumba ikipanuka, hakuna beringi itakayokaza humo tena.

Hii tuliyoitoa hairudi, hata kama ilikuwa nzima. Nilikuwa nagonga ringi ya ndani wakati iliyokamatwa na habu ni ya nje, kwa hiyo kila pigo limepita katikati ya gololi. Hapo ndipo penye mhadhara wangu wote.

Nilipokuwa naanza kazi nilimbadilishia beringi mgeni mmoja aliyekuwa na safari kesho yake. Sikuwa na kifaa. Nikaokota kipande cha bomba, nikakiweka juu ya beringi mpya, nikatwanga kwa nyundo. Zikaingia, nikajisifu. Siku ya tatu yule mgeni akarudi akiisukuma baiskeli, gurudumu linakoroma kuliko lilivyokuja. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Hizi ni mpya kweli?" Nilimrudishia hela yake na bado naona aibu. Bomba lile lilikuwa limekaa juu ya ringi ya ndani. Gololi inagusa njia yake mahali padogo mno, hapafiki hata ncha ya kalamu, na pigo lote linakwenda hapo. Linaacha kidonda. Kila gololi ikipita inaanguka kwenye kidonda, inakipanua. Beringi zilikuwa mpya, niliziua mwenyewe kabla hazijazunguka hata mara moja.

Kwa hiyo ukiingiza beringi kwenye habu, nguvu ipite ringi ya nje. Ukiingiza ekseli kwenye beringi, nguvu ipite ringi ya ndani. Kabla hujagusa nyundo jiulize: ni ringi gani inayobana? Sukuma hiyo.

Na nyundo yenyewe iacheni. Kifaa changu ni hiki: bolti ndefu, nati, washa nene, na beringi kuukuu niliyoisaga kidogo kwa nje ili isinase. Beringi mpya ililala kwenye friji usiku kucha, habu nimeikanda kwa kitambaa cha maji ya moto nikaikausha vizuri. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hata tofauti hiyo ndogo inasaidia. Nyumba nimeifuta, nimepaka grisi kama ngozi ya kitunguu. Naweka mpya, juu yake kuukuu, washa, nakaza taratibu. Spana inazunguka kirahisi... kirahisi... hapo imekuwa nzito ghafla. Imefika. Acha. Anayeongeza nusu mzunguko "kwa usalama" anaharibu.

Ekseli inaingia kabla ya beringi ya pili, msisahau, la sivyo utatoa tena uliyoiweka. Beringi ya pili ikishafika, zungusha ekseli kwa vidole. Ikiwa nzito kuliko beringi ilivyokuwa mkononi, ujue zinasukumana kiubavu. Gonga ncha ya ekseli kidogo sana upande wa pili, itajilegeza. Ila beringi mpya yenye sili ina uzito wake wa asili, usitegemee ielee kama feni.

Nilisikia swali hapo. Dada anauliza kwa nini zake hazimalizi msimu wa mvua, na baiskeli anaiosha kila wikendi. Unaiosha wapi? Pale wanapoosha bodaboda, kwa pampu. Dada yangu, jibu umeshalitoa. Sili hii ina mdomo mwembamba wa mpira, unazuia vumbi na maji yanayoruka. Pampu ikielekezwa pembeni mwa habu inasukuma maji ndani, na yakiingia sili ileile inayazuia yasitoke. Ndoo, brashi, sabuni. Pampu ipige matairi tu.

Na kijana anayetaka kupulizia mafuta ya kopo kila wiki: yanayeyusha grisi na kuitoa nje. Bora beringi ikiwa bado mpya uinue sili kwa ncha ya sindano, uanzie ukingo wa ndani, ukaijaze grisi nzito isiyochukuliwa na maji. Watu husema ukijaza sana inachemka. Kwa mota ya umeme ya mizunguko 1,450 kwa dakika, kweli. Gurudumu hili kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa linazunguka kama mara 220 tu kwa dakika. Halichemshi kitu. Jaza, nafasi iliyojaa grisi maji hayapati pa kukaa.

Mkirudi kutoka safari ya kwanza, kazeni ekseli tena, kisha fanyeni lile jaribio la kusukuma tairi kulia na kushoto. Upande wa frihabu bado haujafungwa, na ndani yake kuna beringi nyingine mbili. Sizigusi mimi. Nani anakuja kushika spana?