Huku Florida Wanamsaka Samaki wa Kwetu

Ndugu zangu wa Dar, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Mtazameni huyu: milia ya kahawia, mapezi yametanuka kama manyoya. Ni samaki simba, mwenyeji wa Bahari ya Hindi. Huku Florida hana tofauti na wale kunguru weusi wanaowasumbua hapo mjini: kaja na watu, kazaana, hakuna wa kumzuia. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1985 karibu na Dania Beach, na inaaminika aliachiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo. Jike hutaga kila baada ya siku chache, na kwa mwaka mayai yanaweza kufika milioni 2. Visamaki vya Atlantiki havimjui kama adui, kwa hiyo havimkimbii.

Ndiyo maana kuna mashindano ya kumvua. Shirika la REEF, la uhifadhi wa bahari, lilianza kuyaandaa mwaka 2009 huko Bahamas. Timu ni wapiga mbizi 2 hadi 4, toka macheo mpaka machweo. Zawadi hutolewa kwa waliovua wengi zaidi, mkubwa zaidi na mdogo zaidi. Hiyo ya mdogo ni ya busara sana, maana inamlazimisha mtu achungulie kila ufa.

Silaha ni mkuki mfupi unaofyatuliwa kwa mpira, wenye ncha tatu. Samaki simba hatoroki. Anakutanulia miiba yake ya sumu tu. Sogea taratibu mpaka ncha ibakize kama sentimita 30, lenga nyuma ya kichwa, achia. Ukimchoma mkiani atazunguka na mkuki, na miiba itakufuata mkononi. Ukikosa, unavunja tumbawe, na aliyekoswa leo kesho anajificha akiona mtu.

Mfuko wa wavu usiutumie, miiba inapenya. Wanabeba bomba pana la plastiki lenye mdomo wa vipande vinavyopinda kwa ndani. Unamsukuma samaki humo pamoja na ncha, unavuta mkuki, vile vipande vinamkwangua abaki ndani. Juu ya boti anahamia kwenye deli la barafu.

Hatari kubwa kuliko sumu ni tamaa. Kwenye mita 30 hewa ya mtungi inaisha haraka mara nne kuliko juu, na muda salama ni kama dakika 20. Anayejiongezea dakika kwa ajili ya samaki mmoja, akapanda haraka, anapata ugonjwa wa mapovu kwenye damu. Tena samaki simba wengine wanaishi kina ambacho mpiga mbizi hafiki, kwa hiyo mwamba uliosafishwa hujaa upya, na kazi inarudiwa.

Vijana wa Kigamboni, msiige. Hapo kwetu samaki huyu yuko kwao, na Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari.

Ila wavuvi wa Feri, akinasa wavuni, mjue ana miiba 18 ya sumu: 13 mgongoni, 2 tumboni, 3 nyuma chini. Inachoma hata akiwa amekufa. Ukichomwa, toa kipande cha mwiba, kisha tumbukiza mkono kwenye maji ya moto, nyuzi 40 hadi 45, dakika 30 hadi 90. Joto ndilo linaloiharibu sumu. Yajaribu kwanza kwa mkono ambao haukuchomwa, kwa sababu mkono uliochomwa hautambui kama unaungua. Ukibanwa kifua au ukivimba uso, hospitali moja kwa moja.