Mzani Hausemi Yote Kuhusu Ini

Mama zangu, baba zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie ini lenye mafuta kwa watu wanene. Nianze na jambo linaloniuma. Mgonjwa akiambiwa ini lake limejaa mafuta, watu wa nyumbani humtazama kama mlevi wa siri. Nimewaona akina mama wa swala tano wakiulizwa na watoto wao kama wanakunywa. Jamani, tuache. Tangu 1980, madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walipoueleza ugonjwa huu kwa watu wasio walevi, wengi wa wagonjwa wao walikuwa wanene, na wengi walikuwa wanawake.

Mafuta hayo yanatoka wapi? Najua mtasema chipsi na sambusa. Lakini watafiti waliowafuatilia wagonjwa wanene waliona kwamba mafuta ya chakula huchangia asilimia 15 hivi tu. Takriban asilimia 60 hutoka kwenye mafuta ambayo mwili umeshayahifadhi, na robo hivi hutengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga. Kwa hiyo mtu anaweza kuacha vya kukaanga, akawa anashushia ugali kwa soda kila siku, na ini likazidi kujaa. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko tisa vya chai.

Sasa, unene ni hatari, ndiyo, ila wanene hawalingani. Chukua watu wawili wa kilo 95, urefu mmoja. Mmoja mafuta yake yako kwenye makalio na mapaja, mwingine yuko na kitambi. Huyu wa pili ndiye anayeninyima usingizi. Mafuta yanayozunguka utumbo humwagia asidi zake za mafuta kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ndiyo maana nahimiza futi ya fundi cherehani kuliko mzani. Toa pumzi, usibane tumbo, pitisha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamume akifika sentimita 94, mwanamke 80, akapime sukari ya damu.

Na sukari ndiyo ninayoihofia kuliko vyote. Kazi mojawapo ya insulini ni kuyazuia mafuta yasitoke yalikohifadhiwa. Mwili ukiikaidi insulini, mafuta hutoka ovyo na ini huyapokea. Kisukari cha aina ya pili kikishaingia, hatari ya ini kupata makovu hupanda, na makovu ndiyo njia ya sirosisi, yaani ini kukakamaa kwa makovu, na saratani. Hata kabla ya kufika huko, wagonjwa wengi huondoka kwa maradhi ya moyo.

Wapo wanaozidishiwa hatari na mambo mengine: presha, mafuta ya triglisaraidi kuwa mengi kwenye damu, kukoroma kwa kukatika pumzi, kukoma hedhi, nasaba. Mwenye homa ya ini B akinenepa ana mizigo miwili, asisubiri dalili, kwa sababu ini halilii mapema.

Wala msitulie kwa kuambiwa vipimo vya ini viko sawa. Vinaweza kuwa sawa na makovu yapo. Ultrasaundi huonyesha ini jeupe kuliko figo pale mafuta yanapokuwa mengi, lakini haisemi vizuri habari za makovu. Muulize daktari akokotoe alama ya FIB-4, inayokadiria makovu ya ini: anahitaji umri wako, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu, basi. Ni hesabu rahisi, na inasikitisha kwamba wengi hawafanyiwi.

Yule wa kilo 95 akipunguza kilo 5 tu, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifika 10, hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Ila apunguze taratibu, isizidi kilo moja kwa wiki, maana kukonda kwa pupa huweza kulidhuru ini lenyewe.

Futi ziko mezani pale. Wenye kisukari watangulie.