Faili la Pili

Habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya sanaa na mwanafunzi wa udaktari, na nawaona baadhi yenu mmekuja na madaftari ya mtihani. Someni tu, sitakasirika.

Wiki yangu ya kwanza katika chumba cha anatomia, kundi letu lilipewa mkono wa maiti. Kucha zilikuwa na rangi nyekundu iliyoanza kubanduka. Hakuna aliyesema neno. Tukataja misuli, tukataja neva, tukanawa, tukaenda kula. Usiku nikauchora mkono ule nyuma ya daftari, tena vibaya, vidole kama karoti. Lakini kucha nilizipatia. Ndipo nilipojua kwamba kutwa nzima nilikuwa nazikwepa.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi zaidi ya 40: asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11 waliwahi kuwaza kujiua. Sonona haitibiwi kwa penseli. Mwenye mawazo hayo amwone mtaalamu, leo hii. Na chuo kinachowanyima usingizi, kisha kikawaletea darasa la kuchora Ijumaa jioni, kinawatania.

Basi sanaa ya nini? Rita Charon, daktari wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyesomea pia fasihi, aliwapa wanafunzi wake faili la pili. Faili la wodini lina presha, dawa na majibu ya maabara. Sasa tuseme mgonjwa wako ana saratani ya tezi dume, na kila ukimkaribia unamkumbuka babu yako aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Hilo halina nafasi kwenye faili la hospitali, lakini halina budi kuandikwa mahali. Wakaliandika, kwa lugha ya kawaida, wakasomeana.

Wako wanaotaka faida ya kupimika. Haya: huko Philadelphia, Marekani, wanafunzi 36 wa mwaka wa kwanza waligawanywa kwa kura, nusu yao wakapelekwa jumba la sanaa mara 6 kujifunza kutazama picha. Matokeo yalitoka mwaka 2018: hao walikuwa hodari zaidi wa kueleza wanachokiona, hata kwenye picha za magonjwa ya macho. Nafurahi. Ila naogopa siku vyuo vitakapoitungia sanaa hii mtihani, maana ukishaipa alama, imekuwa somo jingine la kufeli.

Muda wangu unakwisha. Kuna karatasi zinapita hapo kwenye viti, chukueni moja moja. Mna dakika kumi. Mkumbuke mgonjwa mmoja wa wiki hii, uandike kile ambacho hukukitaja kwenye raundi ya wodini. Tahajia si hoja.

Sizikusanyi.